Mgeni wa Balkoni

Kabla hujaanza kucheka, nisikie. Mimi si mtu wa hadithi za majini, na ukiniita mwongo tutagombana hapa hapa. Hii ilinikuta mimi mwenyewe, Jumapili mchana, hapa Birmingham, watu wamejaa.

Kanisa letu ni la Wakongomani wengi na Wakenya wachache. Jengo hatuna. Tunakodi ukumbi wa zamani wa maonyesho, upande wa Newtown: mapazia mazito, malaika wa plasta waliovunjika pua, viti vya kujikunja ambavyo ukisimama tu vinajifunga vyenyewe, pa! Juu kuna balkoni, ila hatukai huko, baridi yake si ya mchezo. Mimi nashika mashine za sauti. Sikusomea, nilijifunza kwenye simu, na maiki zangu hazilii ovyo, uliza mtu yeyote.

Siku hiyo dada yangu Furaha alikuwa anaimba peke yake kwa mara ya kwanza. Ni mtoto wa mama mdogo, lakini kwetu huyo ni dada, basi. Tumekulia nyumba moja, tumeimba wote tangu hatujui kusoma. Mimi besi, yeye juu. Na sauti ya Furaha, niamini, ikitoka unasahau una njaa.

Sasa desturi unaijua. Mchungaji akasema, "Wageni wasimame tuwakaribishe!" Wakasimama wawili watatu. Halafu akainua macho. "Na wewe mama huko juu, usione haya, simama!"

Pa! Kiti kikajifunga.

Mwanamke mzungu, koti la kijivu, kofia ndogo. Nilimwona kwa macho haya. Wengine wakapiga makofi. Lakini Mama Bahati, aliyekaa karibu na mashine zangu, akaninong'oneza, "Pasta anasemesha nani huko? Mbona hakuna mtu?"

Na kwetu makofi hayatoshi, mgeni lazima apewe mkono, na hiyo ni kazi ya korali, yaani kwaya yetu. Furaha akaanza kuelekea ngazi.

"We, unaenda wapi?"

"Kumsalimia mgeni."

"Na viatu hivyo? Utaanguka kabla hujaimba. Kaa."

"Kwani wewe ni baba yangu?"

"Leo ndiyo."

Akanisonya, lakini akabaki. Nikapanda mimi.

Huko juu kulikuwa kimya, kama vile chini hakuna kanisa. Nikampa mkono. Wake haukuwa na baridi wala joto, ni kama kushika kitambaa. Akaniuliza kwa Kiingereza, taratibu, kama mtu anayeulizia basi, "Yule msichana wa gauni la njano, ndiye atakayeimba?"

"Ndiye."

"Mimi niliimba hapa zamani. Halafu sauti yangu ikaisha. Mwambie apande aniimbie kidogo. Yake itanitosha."

Wewe ungefanya nini? Ungekimbia, sivyo? Mimi damu ilipanda kichwani. "Dada yangu usimguse! Unataka sauti? Chukua hii yangu, utuache!"

Hakubishana. Akatabasamu. "Asante," akasema. Chini muziki ukaanza, nikageuka kuangalia steji. Kurudisha macho, hayupo.

Furaha aliimba, ndugu yangu. Wazee walilia. Kwenye kiitikio nikafungua mdomo niingize besi yangu kutoka kule juu. Ikatoka hewa tu.

Kuongea naongea, unanisikia, na kufoka nafoka vizuri sana. Kuimba ndiyo hakuna. Nilimwuliza mzee wa kizungu anayeshika funguo za ukumbi kuhusu yule mama. Akanitazama koo, si uso. "Ulimpa nini?" Nikamwambia. "Basi ameshapokea," akasema, akaendelea kufagia.

Nimeombewa. Nimewekewa mikono. Nimekunywa tangawizi mpaka tumbo likagoma. Furaha akiosha vyombo anaanzisha wimbo, ananingoja kwenye besi, mimi nagongagonga meza kwa vidole. Anafikiri namringia tangu awe maarufu. Sijamwambia, na wewe usimwambie. Angepanda kule kunidaia sauti yangu, namjua.

Kwa hiyo wewe unayekaribisha wageni kwenye majumba ya watu usiowajua, karibisha uliowaona wakiingia mlangoni. Na ukiwa na hasira, funga mdomo. Kuna wanaoipokea hasira yako kama ahadi, na hawarudishi.