Bugali wa Siku ya Mechi

Iko siku moja ninayoikumbuka kuliko nyingine zote, mwanangu, na kila nikiikumbuka nahisi tumbo linajaa upya. Ilikuwa Jumapili ya mechi yangu ya kwanza hapa Bukavu, enzi za Zaïre. Nilikuwa kijana mrefu kutoka Bujumbura, chuo kimenileta nisome na kucheza mpira wa kikapu. Kocha alikuwa ameshaniambia waziwazi kwamba mgeni asiyeisaidia timu atampisha mwenyeji, arudi kwao. Basi siku ile nilikuwa nacheza nibaki au nifungashe virago.

Nilikaa kwa Maman Nsimire, mjane muuza sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, mwenye sauti iliyosikika hadi ng'ambo ya bonde. Tulipotoka misani akanitengea bugali wa muhogo, sombe, yaani kisamvu, na sambaza za kukaanga. Nikala, maana mgeni akikataa chakula katika nyumba ya Washi, wenyeji wa milima hii, ameitukana nyumba. Nikanawa mikono, nikashika njia ya uwanjani.

Kumbe mtaa mzima ulikuwa umejiandaa! Dada yake Maman Nsimire alinikamata mlangoni kwake. "Utaruka namna gani na tumbo wazi, mutoto?" Maharagwe na ndizi za kupika, mlima mzima. Nikala. Sijavuka njia, huyo hapo Papa Mushagalusha, mzee mwenye ng'ombe kule Nyantende, ameshika kibuyu cha mashanza, yale maziwa yaliyoganda. Sasa mimi ni Murundi, mwanangu. Kwetu maziwa hayakataliwi, na kwa Washi ni vilevile. Tulikutana wawili ambao hakuna aliyefundishwa kusema basi. Nikakimaliza kibuyu, mzee akanibariki kwa furaha kubwa.

Mpira uliporushwa juu, wenzangu waliruka. Mimi niliinuka kidogo, nikatua, na mashanza yakatua baada yangu. Kijana aliyenifika kifuani alinipita kila alipotaka. Watu waliokaa mtelemkoni wakaanza kuulizana kama kweli huyu ndiye yule wa Bujumbura aliyesifiwa. Mapumziko yalipofika tulikuwa nyuma sana.

"Citoyen," kocha akaniuliza, maana enzi zile kila mtu aliitwa mwananchi, "uko mugonjwa ao uko muvivu?"

 Mwenzangu mmoja alikuwa tayari anavua koti ili aingie mahali pangu. Ndipo Maman Nsimire aliposhuka mtelemkoni, kitenge mkononi, akasimama mbele yangu. Aibu ilinishika, lakini hofu ya kurudi nyumbani ilikuwa kubwa zaidi, nikamweleza yote: bugali, maharagwe, ndizi, mashanza. Mama yule alicheka mpaka akakaa chini.

"Eh, Mungu wangu! Juu ya nini haukusema? Miye nilizani uko na njala! Mungu alikupa kinywa juu ya kula tu?" Kisha akamgeukia kocha. "Usimutoe. Ni siye tulimuharibu."

Kocha naye alikuwa mtoto wa milima hii, aliyajua mashanza. Alijaribu kununa, akashindwa. Akaniambia nisikimbie tena, nisimame tu karibu na kikapu niinue mikono. Wenzangu wakawa wananirushia juu, mahali ambapo kijana yule hakufika hata kwa ngazi, nami natumbukiza. Tulishindwa, nisikudanganye, lakini kwa kikapu kimoja tu, na yule mwenzangu akavaa koti lake.

Jumapili iliyofuata Maman Nsimire alipita nyumba kwa nyumba akiwatangazia majirani kwamba mtu asinilishe kabla ya kuniuliza. Kisha akanijia. "Leo tumbo linasema nini?"

"Linasema ndizi moja tu, Maman. Ingine muniwekee."

Hakuna aliyekasirika! Wamama walileta masahani uwanjani, yamefunikwa vitambaa, wakayapakata hadi kipenga cha mwisho. Tulishinda, tukala pamoja na tuliowashinda, na Papa Mushagalusha akazungusha kibuyu chake kwa wote. Sijawahi kula chakula kitamu kama kile.

Wewe sasa unaenda kusoma na kucheza nchi za watu. Usiogope watakaokuchukia, hao utawaona mapema. Nakuonya juu ya watakaokupenda. Watakupa chakula, kazi, ushauri, sifa, vyote kwa moyo mweupe, na hakuna atakayejua umelemewa usipomwambia. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Sema mapema, sema kwa adabu, sema ukitabasamu. Kumwambia mtu "niwekee, nitarudi" si kumtukana, mradi kweli urudi ule.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe miguu myepesi, akupe na huko watu wa kukupikia, na siku ukilemewa akufungue kinywa uwaambie. Amina.