Uji Ambao Ruth Hakuuonja

Ruth alichuma majani chai kwa miaka arobaini na moja na hakuwahi kunywa kikombe hata kimoja. Sisi Wasabato wa huku Itumbe tunalima chai na tumefundishwa tusiinywe, na wengi wetu, nikiwemo mimi, tunarudisha mlango wa jikoni na kujipikia kidogo yenye maziwa mengi. Ruth hapana. Nilipomtania kwamba anailisha dunia kitu asichokitaka tumboni mwake, alicheka hadi akashika kiuno. "Mama Geoffrey, hilo nitamuuliza Bwana nikifika," alisema. "Nina maswali mengi, hilo ni mojawapo."

Nimeanza na kicheko chake makusudi. Watu wa kijiji hiki siku hizi wanamkumbuka kwa namna alivyokufa tu, na kwa jina walilompa kabla hajafa, na mimi jambo hilo linaniudhi mpaka nashindwa kula. Alikuwa mjane wa Ondieki, na shamba lake na langu yalitenganishwa na mstari mmoja wa migomba. Hakujaliwa mtoto wa kiume. Binti yake mmoja aliolewa Nyansiongo, kwa hiyo bomani alibaki peke yake na ng'ombe mmoja na Biblia iliyotoka jalada.

Aliisoma hiyo Biblia kama mtu anayesoma barua iliyoandikwa kwa jina lake. Sisi wengine tukisoma mstari tunaangalia unamfaa jirani yupi. Ruth akisoma alifunga kitabu, akavaa kandambili, akaenda kufanya. Aliposoma kwamba anayetoa sadaka asijitangaze, akaanza kupeleka ndizi mbivu alfajiri kwenye milango ya wagonjwa, anaziweka chini na kurudi upesi asionekane. Nilimfumania mara moja nikiwa naenda kukamua.

"Ruth," nikamwambia, "mwanamke mzee akionekana anatoka mlangoni kwa mgonjwa alfajiri, huku kwetu unajua anaitwaje?"

"Wacha waniite," akasema. "Ndizi zitakuwa zimeliwa."

Basi huyo ndiye niliyemwendea mwaka juzi mwanangu Geoffrey alipozidi kunywa. Geoffrey ni mzaliwa wangu wa kwanza, anaendesha bodaboda ya Ekerenyo, na wakati ule alikuwa akilala mitaroni na pikipiki juu yake. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa na aibu, kwa sababu baba yake alikuwa shemasi kabla hajafariki. Nikamwomba Ruth tufunge pamoja Ijumaa tatu, toka alfajiri hadi jua likizama Sabato ikiingia, tumwombee. Nikamwapisha asimwambie mtu. Akacheka. "Kuapa siapi, unanijua. Lakini nikikuambia sitasema, sitasema."

Ijumaa ya kwanza nilifunga hadi mwisho. Ya pili pia. Ijumaa ya tatu, saa nne asubuhi, nilikula ndizi mbili za kuchemsha na kunywa chai. Nilijiambia nina vidonda vya tumbo. Sina vidonda vya tumbo.

Saa sita nikavuka migomba kwenda kumwona, nikamkuta jikoni anachemsha chakula cha Sabato, uso umeoshwa, umepakwa mafuta, kitambaa safi kichwani. Maandiko yanasema anayefunga asionyeshe watu sura ya njaa, na Ruth alikuwa ameyatii mpaka kwenye nywele. Punde akaingia shemeji yake Onyancha, mdogo wa marehemu Ondieki, akitoka kupima majani kwenye kituo. Alikuwa anahema. Alikuwa na presha, na vidonge alikuwa ameviacha kwa sababu vilimfanya akojoe sana. Akaketi, akaomba kitu cha kunywa.

Ruth akamjazia kibuyu uji wa wimbi, akampa kwa mikono miwili.

Sasa mgeni wa kwetu hapewi hivyo. Mwenye nyumba hunywa kwanza funda moja mbele ya mgeni, mgeni akaona, kisha ndipo anapewa. Mtoto wa miaka mitano anajua hivyo. Usipoonja, umesema kuna kitu ndani.

Onyancha alikishika kile kibuyu, akamtazama. "Shemeji, leo huonji?"

Ruth alitabasamu. "Kunywa tu, shemeji. Uji ni mzuri."

Mimi nilikuwa nimekaa pale kwenye kigoda, na ladha ya chai bado iko mdomoni mwangu. Ningeweza kukipokea kibuyu nikaonja mimi, tukacheka, yakaisha. Lakini Ruth angejua kwamba nimekula. Nilimwogopa Ruth na tabasamu lake kuliko nilivyomfikiria Onyancha, kwa hiyo nikanyamaza nikakuna goti. Onyancha akanywa uji wote, akashukuru, akaenda kwake.

Jumapili akaanguka zizini. Hospitali walisema mshipa umepasuka kichwani kwa sababu ya presha. Walisema wazi, na karatasi ikaletwa, na mtoto wake Mokua akaisoma kwa sauti matangani. Hakuna aliyeisikia. Onyancha alikuwa amewasimulia wa nyumbani kwake, akitania tu, kwamba mke wa Ondieki amempa uji bila kuuonja. Mzaha wa maiti hauchekwi. Kufikia siku ya mazishi kila mtu alikuwa amekumbuka jambo: huyu alimwona Ruth alfajiri mlangoni kwa fulani, na fulani akafa, yule alikuta ndizi ambazo hajui nani ameziweka, akazitupa, asante Nyasae, asante Mungu. Ndizi zilezile. Nilisikia hayo nikiosha masufuria na nikaendelea kuosha.

Wazee wa ukoo walimwita Jumanne baada ya mazishi, uwanjani kwa Onyancha, kando ya kaburi bichi. Nyangau ndiye aliyeongoza, kwa vile ndiye mkubwa. Mokua alisimama, machozi yakimtoka, na sitasema alikuwa mtu mbaya, alikuwa amefiwa na baba.

"Mama mkubwa," akasema mwishowe, "niambie tu kwa nini hukuonja."

"Nilikuwa nimefunga, mwanangu. Nilikuwa na maombi."

"Kanisa halikutangaza kufunga," akadakia mtu nyuma.

"Haikuwa ya kanisa."

Nyangau akauliza, "Shahidi wako ni nani, omong'ina, mama mzee?"

Ruth alimtazama Nyangau. "Mungu anajua. Na yuko mtu anajua, lakini nilimwahidi sitasema. Akitaka, atasema mwenyewe."

Nilitazama viatu vyangu. Vilikuwa na matope ya kaburini. Najua watu wangapi walipiga chafya na kuku wangapi walipita katika ule ukimya, kwa sababu nilivihesabu vyote nikingoja upite. Niliogopa kuulizwa kama mimi nami nilifunga hadi jioni. Niliogopa habari za Geoffrey kutoka nje. Niliogopa pia kwamba anayemtetea mrogi huhesabiwa naye, na hilo si la kubuni, tumeliona. Haya nayasema yote ili mtu asinitafutie kisingizio kizuri zaidi. Ruth hakugeuka kunitazama hata mara moja. Huwa najidanganya kwamba angenitazama ningesimama.

Nyangau akasema basi kuna njia ya zamani. Ale kiapo, ile emuma ya wazee: achukue udongo wa kaburi, aumeze, aseme, kama mimi ndiye niliyemuua huyu, udongo huu unimalize mimi na uzao wangu. Asipokufa, amesafishwa, na hakuna atakayemgusa. Wengi pale walishusha pumzi. Ilikuwa njia ya kutokea. Ilikuwa konzi moja tu ya udongo.

"Yaya, hapana," akasema Ruth. "Siapi."

Okemwa, mzee wetu wa kanisa, akainama akamnong'oneza, lakini ananong'ona kama anahubiri, sote tukasikia. "Dada Ruth, apa tu yaishe. Mungu anaangalia moyo."

"Mzee, wewe ndiye uliyenifundisha," akasema. "Ulisimama mbele ukasema ndiyo yetu iwe ndiyo, na siyo yetu iwe siyo, linalozidi hapo ni la yule mwovu. Mimi niliandika siku hiyo pembeni ya ukurasa. Sikumuua Onyancha. Hiyo ndiyo siyo yangu. Sina nyingine."

Okemwa akarudi kitini pake. Mtu ambaye hakumuua mtu anaogopaje udongo? Ndivyo walivyosema wakitawanyika. Wazee wakampa hadi Jumatatu ahame aende kwa binti yake.

Sabato alikuja kanisani. Alikaa benchi lake la kila siku na benchi likabaki lake peke yake. Mimi nilikaa nyuma ya benchi hilo, safu tatu. Baada ya ibada akaningoja penye lango, watu wakimkwepa, akanishika mkono.

"Geoffrey anaendeleaje?"

"Hajagusa pombe tangu Ijumaa ile," nikasema. Ilikuwa kweli.

Uso wake ukawaka. "Bwana asifiwe! Basi haikuwa bure." Akaniachia mkono, akaenda zake. Nilidhani anaenda kufunga mizigo, kumbe Sabato mizigo haifungwi; binti yake aliniambia baadaye kwamba alimpigia simu akasema atafunga Jumapili.

Jumapili saa nane mchana, jua likiwaka, vijana walikuja. Nilisikia mluzi, kisha pikipiki kadhaa, kisha mlango wake ukigongwa na kufungwa kwa waya kutoka nje. Niliona moshi juu ya migomba. Kutoka kwangu hadi kwake ni hatua sabini na mbili, nimezihesabu tangu hapo mara nyingi. Sikupiga hata moja. Nilisimama na ungo wa mahindi mkononi na nikamsikia, na sitaandika nilichosikia, ila kwamba hakumlaani mtu.

Geoffrey alirudi saa kumi. Alikuwa mzima kabisa, hajanywa, anatembea wima. Suruali yake ilinuka petroli. Miaka mitano nilikuwa nikimwombea mwanangu asinuke chang'aa, na siku hiyo nilitamani hiyo harufu ya chang'aa kama mtu anavyotamani maji.

"Tumemaliza ile kazi," akasema, bila kunitazama. "Walisema mimi nilikuwa mlevi tu, siwezi kitu. Nikatoa petroli kwenye tanki langu."

Nikamwambia. Pale pale mlangoni, nikiwa bado na ungo. Kwamba Ruth alikuwa amefunga Ijumaa tatu kwa ajili yake yeye, Geoffrey, kwamba ndiyo sababu hakuonja, kwamba mimi ndiye shahidi ambaye hakutajwa. Alikaa chini kwenye vumbi. Akaniuliza swali moja tu. "Na uwanjani ulikuwepo, mama?"

"Nilikuwepo."

Akalia kama alivyolia akiwa mdogo. Sikuweza kumshika.

Polisi walipokuja kijiji kizima hakikuwa kimeona kitu. Ilichukua miezi mpaka simu ya mmoja wao ikakutwa na picha, watatu wakakamatwa, Geoffrey mmojawapo. Pikipiki yake ilionekana, sura yake haikuonekana. Wakili wake, kijana mwenye adabu, alinijia akanieleza vizuri: nikisema kwamba saa nane nilikuwa na mwanangu nyumbani tukipukuchua mahindi, na pikipiki alikuwa amemwazima mwenzake, atatoka. Nilimwona Geoffrey rumande kabla ya siku ya kesi. Amekonda, amebatizwa humohumo, ana Biblia ndogo. Hakuniomba niseme uongo. Hakuniomba nisiuseme. Aliniuliza kama nakula vizuri.

Wiki jana niliitwa kizimbani. Mahakama ilijaa watu wa kwetu, Mokua yumo, Okemwa yumo, binti ya Ruth kutoka Nyansiongo amekaa mbele kabisa. Geoffrey alikuwa upande wa washtakiwa na wenzake wawili. Karani akanipa Biblia niiinue kwa mkono wa kulia niape.

Ilikuwa mpya, ina jalada lote. Nikaishika kidogo, nikamrudishia.

"Siapi," nikasema. "Nitasema tu."

Wakili akanitazama, akafikiri nimechanganyikiwa. Hakimu akaeleza kwamba sheria inaruhusu, mtu anaweza kuthibitisha bila kuapa, akauliza kama naelewa kwamba hata hivyo ninafungwa na ukweli. Nikasema ndiyo. Nilimtazama mwanangu mpaka naye akanitazama. Nilishika ule ubao wa kizimba.

Kisha nikaanza kusema, na nilianzia kwenye uji.