Kwenda Kukalia Sumaku Kawangware

Mama yangu alimtuma mtu aliyekuwa akirudi Nairobi kutoka Butere: "Mwambieni Fundi kama amekufa, aje tumzike." Krismasi mbili zilikuwa zimepita bila mimi kuonekana nyumbani. Nilikuwa nikisingizia kazi, maana fundi seremala wa mtaa wa Kianda, Nairobi, hakosi mlango wa kutengeneza. Ukweli ni kwamba tangu nipasuliwe tezi dume, mkojo ulikuwa umeacha kunisikiliza. Nikikohoa, huo. Nikiinua ubao, huo. Nikichekeshwa, basi tena. Na basi la kwenda kwetu likishatoka Nairobi halisimami mpaka Nakuru. Mtu wa hali yangu angefika huko amelowa hadi soksi. Mama alikuwa amezeeka, nami niliogopa kwamba siku nitakayoweza kupanda basi nitakuwa naenda kumzika yeye.

Jioni moja, mwishoni mwa miaka ya tisini, mke wangu Rispa aliniwekea ugali mezani na habari juu yake.

"Baba Nafula, kuna kliniki huko Kawangware daktari mgeni ameleta kiti ya sumaku. Unakaa tu na nguo zako, inakukaza huko chini."

"Nani amekuambia?"

"Mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu wa Kawangware. Sasa wewe unataka kiti ama unataka mtu?"

Nikala ugali wangu.

Jumanne, siku aliyonichagulia Rispa, niliondoka Kianda asubuhi kwa miguu. Kwenye matatu huwezi kumwambia dereva asimame kila baada ya kona mbili, kwa hiyo njia yangu niliipanga kwa vyoo, si kwa barabara. Nilivaa koti refu la mvua, ingawa jua lilikuwa kali, na mfukoni nikatia vipande vya taulo. Watu walinitazama sana. Niliwaamkia wote kwa heshima ili wasije wakaniuliza neno.

Pale kituo cha Olympic niliingia kwenye baa ambayo kaunta yake niliitengeneza mimi mwenyewe, wakashindwa kuninyima choo. Kutoka hapo nilikata kuelekea Jamhuri, ambako miti ya karibu na ua wa uwanja wa maonyesho ilikuwa choo changu cha pili. Mmoja tulizoeana sana. Nilipofika Ngong Road nikageuka kushoto, nikakaza mwendo na meno mpaka Dagoretti Corner.

Dagoretti Corner kuna mafundi wa samani kando ya barabara, na mmoja wao, Otieno, ni rafiki yangu wa miaka mingi. Alikuwa akipiga msasa kitanda.

"Niaje mzee! Mvua iko wapi na hiyo koti?"

"Inakuja. Choo iko wazi?"

"Ni ya nyuma. Lakini unaenda wapi?"

"Kawangware. Natafuta mbao."

"Mbao?" Akanionyesha rundo lililokuwa nyuma yake, refu kuliko sisi wawili. "Na hii ni mahindi?"

Nilikuwa nimeshakimbilia nyuma.

Nilifuata Naivasha Road hadi Kawangware. Kliniki yenyewe ilikuwa na ukumbi mwembamba, benchi moja, na chumba kidogo chenye pazia la kijani mlangoni. Muuguzi, Sista Njoki, alitoka akanitazama kwa huruma. "Mzee, pole. Stima imepotea. Kiti bila stima ni kiti tu. Kuja Alhamisi."

Nikarudi Kianda kwa njia ileile, mti kwa mti. Rispa aliposikia Alhamisi, mwiko ulimtoka mkononi. Akauokota, akaupangusa polepole. "Sawa. Lakini enda mchana. Usiende asubuhi." Sikuuliza kwa nini. Mimi ni mtu wa asubuhi. Ukinipa kazi ya mchana nitakuwa nimeimaliza kabla ya chai ya saa nne.

Alhamisi, basi, nilikuwa kwenye benchi mapema. Nyuma ya pazia kitu kilikuwa kikigonga tk-tk-tk-tk, kisha kikanyamaza, kisha kikaanza tena. Nilifurahi kwamba stima ipo. Mara kikanyamaza kabisa, pazia likafunguliwa, na aliyetoka alikuwa mama mkwe wangu.

Niwaeleze wasiojua. Kwetu, mtu na mama mkwe wake hawapeani mkono, hawali meza moja, na alipokalia mmoja mwingine hakalii. Miaka yote tangu nioe, nilikuwa nimemwona mama huyu kwa mbali tu, katika matanga na harusi, tena kwa ubavu. Nilijua anaishi Kawangware kwa mwanawe. Nilijua pia hasafiri kwenda nyumbani kwa sababu ya miguu. Ndivyo Rispa alivyoniambia.

Mama alijifunika leso kichwani akageukia ukuta wa kulia. Mimi nikajifunika koti nikageukia wa kushoto. Kwa ule mshtuko yaliyonipata huko chini hayafai kusimuliwa, ila namshukuru aliyeshona koti lile.

"Mzee, ingia," akasema Sista Njoki. "Kiti iko tayari."

"Sikai hapo."

"Kwani unaogopa? Haiumi."

"Huyo mama ni mama ya bibi yangu."

"Sasa?"

"Sasa siwezi kukalia mahali amekalia."

"Ai! Si nipanguse na dawa?"

"Sista, hii si mambo ya kupangusa."

Kutoka ukuta wa kulia sauti ikasema, "Sista, mwambie huyo mtu wa Kianda mimi sijamwona."

"Mzee, anasema hajakuona."

"Mwambie hata mimi sijamwona."

"Mama, anasema hata yeye—"

"Nimesikia." Sista alikuwa amesimama katikati yetu kama wavu wa voliboli. Kisha mama akaendelea, sauti imeshuka. "Mwambie akae. Mimi sitarudi tena. Siwezi kuzuia mtoto wa watu kupona. Nitakaa tu na hii miguu yangu."

Hapo ndipo nilipoielewa ile miguu. Nilielewa pia mtu wa Kawangware alikuwa nani. Rispa alikuwa ametupangia siku tofauti, mamake Alhamisi nami Jumanne, na sisi wote tulikuwa tumekaa miaka tukidanganya, huyu miguu, yule kazi. Mama huyu alikuwa ameniozesha bintiye nikiwa sina hata kitanda, na sasa alitaka kuniachia na kiti.

"Sista," nikasema, uso ukiwa bado ukutani, "hiyo sumaku inapita kwa ubao?"

"Ikiwa nyembamba inapita. Nitaongeza nguvu kidogo. Lakini chuma hapana. Hata saa unatoa."

"Basi mwambie mama asiache. Mwambie ni mkwe wake fundi amesema."

Wakati wa kurudi nilipita kwa Otieno nikachagua vipande viwili vya plaiwudi nyembamba. Otieno alinitazama, akalitazama lile rundo lake. "Kumbe ilikuwa mbao kweli!" Sikutaka kumharibia siku.

Jumanne iliyofuata niliwasili na mbao mbili, wa mraba wangu, wa mviringo wa mama. Nilizipiga vanishi. Na kwa kuwa ilikuwa kazi ya mama mkwe, nilizizungushia ukingo mzuri wa mbao, nikaupigilia kwa misumari midogo na kuificha vichwa. Kwa fundi, kuna chuma, halafu kuna misumari. Nilikaa juu ya ule wa mraba, Sista akawasha. Tk-tk-tk, na misumari yote ikaitikia kwa pamoja. Ubao ulianza kutetemeka na kuvuma, nami nikaruka hadi kwenye pazia.

"Nilisema chuma hapana!"

"Ni midogo tu, sista."

"Mzee! Kwani midogo ni ya nini, ni ya udongo?"

Nilirudi Kianda nikafanya upya kwa gundi tupu. Tangu siku hiyo mbao zetu ziliegemezwa pembeni ya chumba, na kila mmoja alikaa juu ya wake. Kiti chenyewe hakiumi. Ni kama mtu amejificha chini yako anagonga mlango, na misuli yako inamwitikia bila kukuuliza. Jumanne nilipokea ujumbe wa Alhamisi: "Mama anasema mwambie fundi ukingo wa kushoto unamfinya." Nikaupiga msasa. Jumanne nyingine: "Anasema sasa ni sawa, na ushone koti mpya."

Mambo hayakubadilika kwa siku moja. Kwanza niliacha kuingia ile baa. Kisha siku moja nikajikuta nimefika kwa Otieno bila kusimama Jamhuri, nikatamani kurudi nikauage ule mti. Mfukoni taulo bado lilikuwepo, lakini kavu.

Desemba tulipanda basi la asubuhi. Mama mkwe alikaa kiti cha mbele kabisa, mimi wa nyuma kabisa, Rispa katikati akijifanya hatujui. Nilichojifunza katika safari zile ni kwamba aibu yangu ilikuwa na mwenzake upande wa pili wa Ngong Road, na kama mmoja wetu angesema mapema, mama yangu asingenitangazia matanga.

Nakuru basi liliposimama abiria wote walikimbilia vyoo, Rispa mbele yao. Tulibaki wawili, kila mmoja kwenye ncha yake, tukitazama nje. Kondakta alitushangaa.

"Wazee, hamshuki? Hapa ndio choo."

Mama hakugeuka. "Kijana, hebu muulize huyo wa nyuma kama anashuka."

"Mwambie sishuki," nikasema.

"Mama, anasema hashuki."

Mama akajiweka sawa kitini, akafungua leso kichwani. "Mwambie mama yake atafurahi."