Mti Yatima

Nakumbuka siku ile tulikuwa watano: mimi, wadogo zangu Zaina na Mhina, mjomba Semkiwa aliyekuja na basi kutoka Handeni, na jirani yetu Mshambaa, Bi Namkunda. Tulisimama nyuma ya nyumba, katika kijiji kipya cha ujamaa, mlimani juu ya Mkumbara. Wazazi wetu walikuwa wamefariki, nami, mwanangu, nilikuwa nimeacha shule ili niwalee wadogo zangu.

Mjomba alikuja kutugawa. Zaina aende kwa shangazi huko Manundu, Mhina aende naye Handeni. Hakuwa mtu mbaya. Alituonea huruma tu.

"Hapa mtakula nini?" aliuliza.

Nikamwonyesha kwa fahari mpeasi wa marehemu baba, ile aina ya Kichina yenye matunda ya duara kama tufaha. Ulikuwa haujazaa hata mara moja, lakini chini yake nilifagia kila asubuhi, hata jani moja usilione.

Bi Namkunda akacheka mpaka akashika kiuno. "Wee binti, pana harusi hapa? Umeufanya mti yatima! Mti hauli usafi. Upe ndugu: kunde, maharage, vitunguu saumu vya kufukuza wadudu. Na mpeasi hauzai peke yake. Nitakupa mche wa aina nyingine, nyuki wapate pa kwenda na kurudi."

"Na watoto wale nyuki?" mjomba akamtania.

"Wale kunde, Mzigua wewe! Kwani wewe ulikuzwa kwa wali?"

Utani wa Mshambaa na Mzigua una nguvu, mwanangu. Mjomba alicheka, akalegea. "Haya. Msimu mmoja. Nikikuta wanashiba, simchukui mtu."

Tukapanda ule mche, kunde na maharage. Mvua ikaja, na kunde je! Zilitambaa zikafunika udongo, unyevu ukakaa, mboga tukachuma mpaka tukagawia jirani. Mjomba aliporudi alikuta sufuria la maharage jikoni. Alikula, akaongezwa, akapanda basi peke yake.

Tuliusubiri ule mche miaka, tukila vilivyo chini yake. Kisha asubuhi moja Mhina akapiga kelele: "Dada! Dada, miti imechanua yote miwili!" Maua meupe, nyuki wanavuma, nasi tunarukaruka kama vichaa! Tunda la kwanza tulilikata vipande vinne, kimoja cha Bi Namkunda. Lilivunjika kwa mlio menoni, maji yakatiririka hadi viwikoni.

"Mche wako nitakurudishia, bibi," nikamwambia.

"Usinirudishie mimi. Mpe mwenye mti wa peke yake."

Basi sikia, mwanangu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Usijivunie kusimama peke yako, hata pakiwa safi namna gani. Na ukimwambia mtu asubiri tunda, mwonyeshe na kunde za kula leo. Mungu akupe kivuli, na wa kukaa nawe kivulini.

Bi Namkunda ametangulia, na mche nilioutoa kwenye mti wake uko kwenye kopo hapa mlangoni. Kama una mpeasi mmoja usiozaa, njoo uuchukue kabla ya vuli.