Pua ya Punda Wangu

Punda wangu ni mfupi. Mgongo wake unanifikia kiunoni, na majirani hapa Kisian walipenda kuniuliza kama nimefuga punda au mbuzi. Niliwaacha wacheke. Punda wengine hubeba mitungi sita ya maji kutoka ziwani. Yeye nilimpa miwili tu, na aliposhika mimba nikampumzisha kabisa. Kila asubuhi nilimkwangua tope kwenye kwato, naye akichomeka pua kiganjani mwangu akitafuta maganda ya ndizi.

Mwaka jana nilifiwa na shangazi, nikaenda matangani Awasi siku nne. Punda nikamwachia shemeji, mdogo wake mume wangu, ambaye ana punda watatu wa kusomba mchanga. Nilimwomba asimfanyishe kazi. Kweli, hakumfanyisha.

Niliporudi nilimkuta amesimama peke yake, nzi wamemjaa usoni. Pua yake ilikuwa imepasuliwa kwa wembe, kushoto na kulia, damu imekaukia midomoni. Shemeji akanieleza kwa upole, kama mtu anayesubiri asante, kwamba punda mfupi hana pumzi, na siku ya kuzaa angekufa. Pua ikipasuliwa hewa inaingia vizuri. Kisha akanionyesha paja lake lililovimba.

“Lakini shemeji,” akasema, “shukrani ya punda ni mateke kweli.”

Nilimjibu maneno ambayo sitayaandika hapa. Pumzi gani hiyo, hebu niambie? Pua yako mwenyewe umeipasua? Hasira ile haijaisha, na wala sitaki iishe. Daktari wa mifugo alisafisha vidonda, akasema kushona kumechelewa.

Punda wangu alizaa salama. Mtoto ana masikio marefu kuliko uso, na pua nzima, laini. Lakini nikinyoosha mkono nimguse, mama yake anajiingiza katikati yetu, kichwa ameinua juu, pua mbali nami. Maganda ya ndizi nayaweka chini, narudi nyuma, ndipo anakula.

Watu wananiambia nimsamehe shemeji. Wacha waseme. Mimi nakumbuka asubuhi ile nilipomkabidhi kamba. Punda wake watatu walikuwa pale pale mbele yangu, pua zao zote zimepasuliwa, nimezizoea miaka mingi hata sizioni. Nikamwambia kwa mdomo wangu huu: “Mtunze kama wako.”