Sahani ya Jémima

Maman Émérance husuka nywele kwenye maduka ya Galerie d'Ixelles, huko ughaibuni, na tangu atoke Bukavu hajaogopa kitu, isipokuwa sahani moja ya muziki ya bintiye Jémima. Ni roki ya zamani ambayo vijana wa shuleni kwao wote wanaipenda: magitaa yananguruma, mwimbaji analia kama mtu aliyebanwa vidole mlangoni. Tangu aipate, Jémima anavaa jeans zilizopasuka na hataki kusukwa.

Basi Jumamosi moja mama akaita kikundi cha maombi nyumbani, waamue kama sahani itupwe.

"Tuisikilize kwanza," akasema Papa Crispin, kiongozi wao.

Jémima akaiweka.

"Unapenda nini humo, mutoto?"

"Papa, ule muntu ana hasira na hajui ni ya nini. Na mimi niko vile."

Wakasikiliza yale mayowe. Mama mmoja akaanza kufuta machozi.

"Bon," Papa Crispin akasema, akipiga magoti. "Ule mutoto wa watu anayeimba anateseka. Tumuombee."

Wakaomba mpaka upande wa kwanza ukaisha. Émérance akanyoosha mkono aichukue sahani, Papa Crispin akamzuia.

"Acha kwanza, maman. Tugeuze upande wa pili, tujue shida zake zingine."