Kisima Kimetiwa Dawa

Mastura alikuwa na sauti, jamani! Akiita kuku wake, wa jirani nao wanakuja. Ndiyo maana kamati ya maji ikampa kazi ya kutangaza.

Kisima chenyewe kiko mpakani, upande huu Kilwa, upande ule Lindi, na kwa miaka halmashauri mbili zilitupiana mpira: kikichafuka ni chenu, kikisifiwa ni chetu. Wananchi wakaharisha. Mwaka huu, alhamdulillahi, wakubwa wakakaa jamvi moja: hawa walete mpimaji, wale walete klorini. Kisima kikasafishwa, klorini ikatiwa, na Mastura akapandishwa bodaboda na kipaza sauti, akapita vijiji vyote viwili akinadi, "Kisima kimetiwa dawa! Asiteke mtu mpaka kesho adhuhuri!"

Akarudi kwake roho kwatu.

Kesho yake adhuhuri ikafika, ikapita. Kisimani hakuna hata ndoo. Alasiri Khamisi, mwenyekiti wa kamati, akamwambia kwa sauti ya chini, "Bi Mastura, huko mitaani wanauliza nani katia dawa kisimani, na kamlenga nani."

Mastura akalirudia neno moyoni. Dawa! Huku kwao kuna dawa ya kumponya mtu na kuna dawa ya kummaliza, na yeye mzaliwa wa hapa hapa, neno hilo lilimponyoka vipi? Halafu akamkumbuka Warda, bintiye, aliyeolewa kijiji cha pili, mwenye mtoto aliyeachishwa ziwa juzijuzi. Kama hawateki kisimani, wanateka wapi? Bwawani, penye ng'ombe.

Alikwenda mbio, kanga mkononi. Njiani akakutana na wanawake na ndoo zao za maji ya tope.

"Msinywe hayo!"

Mmoja akambetulia midomo. "Jana tusinywe kule, leo tusinywe huku. Tunywe mate?"

Kwa Warda mlango ulikuwa umefungwa. Jirani akamwelekeza zahanati. Alimkuta kampakata mtoto, mwili umelegea, macho yameingia ndani. Kaharisha tangu alfajiri. Nesi Agnes alikuwa anakoroga unga wa chumvi na sukari kikombeni.

"Maji ya wapi hayo, dada?" Warda akauliza.

"Ya kisimani. Mpimaji kayapima leo, akatuletea; ni salama."

Warda akakipokea kikombe, asikifikishe mdomoni mwa mtoto. Akamgeukia mama yake. "Mama, wewe ndiye uliyetangaza. Yametiwa dawa, hayakutiwa?"

Mastura akachuchumaa karibu yao. Akisema hayakutiwa, ni uongo. Akisema yametiwa, je, mtoto akinyimwa? Midomo ya mjukuu wake ilikuwa imekauka mpaka inapasuka.

"Yametiwa," akasema, machozi yanamlenga. "Yametiwa nami nikiwepo, ya kuua vijidudu, si ya kuua watu. Nisamehe, mwanangu. Mnyweshe."

Warda alimtazama, akamtazama tena. Kisha akakiinamisha kikombe, na mtoto akameza.

Nje, ndoo za bwawani zilikuwa bado zinapita. Mastura akatoka kwenda kutafuta kipaza sauti, asijue sasa atumie neno gani.